Kuabudu si wimbo wa polepole

Katika makanisa mengi ya Nairobi, Kayole hadi Kawangware, watu wamezoea kusema hivi: nyimbo za kasi ni sifa, za polepole ni kuabudu. Kinanda kikishuka, macho yakifumbwa na machozi yakitoka, basi tumeingia rohoni. Asiyelia hurudi nyumbani akijiona mkavu. Inasikitisha, maana Biblia haina mgawanyo huo.

Maneno "katika roho na kweli" yako Yohana 4:23-24. Yesu alikuwa kwenye kisima cha Yakobo, na mwanamke Msamaria alimletea suala la mahali: mlima huu, yaani Gerizimu, au Yerusalemu? Hekalu la Wasamaria mlimani hapo lilikuwa limebomolewa na Wayahudi zaidi ya miaka 100 kabla, hivyo suala lenyewe lilikuwa kidonda. Jibu la Yesu, kwamba waabuduo halisi watamwabudu Baba katika roho na kweli, halikugusa muziki hata kidogo. Kitenzi cha Kigiriki kilichotumika, proskuneo, maana yake ni kusujudu.

Warumi 12:1 inadai mwili mzima utolewe kwa Mungu kama dhabihu, pamoja na mkono unaopima unga dukani. Mathayo 5:23-24 inatoa hatua zenyewe: ukikumbuka ndugu yako ana neno juu yako, acha sadaka madhabahuni, nenda mkapatane kwanza, kisha rudi uitoe.

Machozi si kosa. Zaburi zimejaa machozi. Kosa ni kuyafanya kipimo, mtu akalilia wimbo Jumapili ilhali dada wa kazi hajalipwa miezi miwili.