Bisibisi Inayoteleza na Betri Iliyofufuka

Chovya ncha ya bisibisi kwenye oili nzito, kisha jaribu kuishika kwa vidole viwili. Itakuponyoka. Jaribio hili lilioneshwa kwenye matangazo ya televisheni ya Marekani kuuza STP, dawa ya kuongezwa kwenye oili ya injini. Sura ya kampuni hiyo ilikuwa Andy Granatelli, mwenye timu ya magari ya mashindano. Mwaka 1969 gari lake, likiendeshwa na Mario Andretti, lilishinda mbio za Indianapolis 500. Mtazamaji akijiambia: vyuma vya injini yangu navyo vitateleza hivi hivi.

Bisibisi iliteleza kweli. Lakini vidole si beringi. Kranki, mhimili mkuu wa injini, ikizunguka ndani ya beringi zake mara elfu kadhaa kwa dakika, huivuta oili chini yake ikajijengea utando unaoibeba, chuma kisiguse chuma. Utando huo unataka oili yenye mnato aliouchagua mtengenezaji wa injini. Ikiwa nyepesi mno, utando unakatika. Ikiwa nzito mno, asubuhi injini ikiwa baridi oili inachelewa kufika juu kwenye vali. Bisibisi haikupima lolote kati ya hayo.

Mwaka 1971 jarida la Consumer Reports liliwaeleza wasomaji kuwa dawa hiyo kimsingi inanenepesha oili tu. Mwenye gari linalokula oili angeweza hata kuona moshi umepungua, maana oili nzito hupita kwa shida kwenye ringi za pistoni zilizolika. Ringi zenyewe zilibaki zimelika vile vile. Mwaka 1978 kampuni ilikubali kulipa dola 700,000 kumaliza shauri lake na Tume ya Shirikisho ya Biashara ya Marekani. Dola 200,000 kati ya hizo zilikwenda kuchapisha tangazo magazetini, likikiri kwamba majaribio yake ya barabarani hayategemeki kuthibitisha dai la kupunguza ulaji wa oili.

Kisa kinachonigusa zaidi, kwa kuwa kazi yangu ni upimaji, ni cha AD-X2. Huu ulikuwa unga wa kutia kwenye betri, ukiuzwa na Jess Ritchie wa Oakland, California, kwa ahadi ya kurefusha maisha ya betri. Ndani yake kulikuwa hasa na salfeti ya sodiamu na salfeti ya magnesiamu. Hii ya pili ndiyo chumvi ya haluli. Wateja walioridhika walimsifu, na waliamini walichosema.

Betri iliyokaa muda mrefu bila chaji hujenga tabaka gumu la salfeti kwenye plati zake za risasi. Ukiichaji polepole kwa saa nyingi, sehemu ya tabaka hilo huondoka na nguvu hurudi. Mnunuzi alitia unga, akachaji polepole, betri ikaamka, sifa zikaenda kwa unga. Ofisi ya Taifa ya Viwango ya Marekani ilifanya kile ambacho mwenye betri moja hawezi kufanya: ikachukua betri zinazofanana, nyingine zikatiwa unga, nyingine zisitiwe, zote zikachajiwa sawa. Unga haukuongeza kitu. Fundi akikuonesha leo betri iliyofufuka kwa dawa yake, muulize ile iliyochajiwa hivyo hivyo bila dawa iko wapi.

Matokeo hayo yaliigharimu ofisi ile. Machi 1953 Waziri wa Biashara, Sinclair Weeks, alimtaka mkurugenzi wa ofisi hiyo, Allen Astin, ajiuzulu. Kwa maoni ya waziri, wapimaji hawakuzingatia vya kutosha hukumu ya soko, kana kwamba wingi wa wanunuzi ungebadili kilichomo ndani ya betri. Wanasayansi walipinga kwa sauti kubwa, Astin akarudishwa kazini, na mwaka huo huo kamati ya Akademia ya Taifa ya Sayansi ikathibitisha kwamba wapimaji walikuwa sahihi. Astin aliiongoza ofisi hiyo hadi mwaka 1969.