Nyumba ya duka si fremu

Nimelisikia mara nyingi mno, na juzi nimelisikia tena kwa mtu aliyekuwa akitembeza wageni Mtaa wa Gizenga, katika Mji Mkongwe wa Zanzibar: nyumba kongwe za mtaa huo aliziita "fremu za zamani", yaani vyumba vya biashara vya kukodishwa, ilhali ni nyumba za duka. Nyumba ya duka ni nyumba ya mfanyabiashara ambayo chumba chake cha mbele, kinachotazama njia, ni duka, na nyuma au juu yake ndiko anakoishi mwenye duka na jamaa zake. Nyingi zilijengwa katika karne ya 19 na Wahindi waliotoka Kutch na Gujarat.

Kinachostahili kuelezwa kwa kirefu ni neno "duka" lenyewe. Asili yake ni Kiarabu, dukkān, neno ambalo Waajemi na Wagujarati nao wanalo, na katika Kiarabu lilitumika pia kwa maana ya jukwaa au ukumbi mfupi ulioinuliwa, mahali pa kukaa. Inaelekea kwamba lilipoingia katika Kiswahili, mwisho wake ulisikika kama -ni yetu ya mahali, ile ya nyumbani na shambani, "dukani" ikaeleweka kuwa ni ndani ya kitu kiitwacho duka, na neno likabaki bila mkia wake. Hata hivyo lile jukwaa bado lipo, si katika neno bali katika jengo. Sakafu ya duka imeinuka juu ya njia, mbele yake pana baraza la mawe, na mlango ni mbao kadhaa zilizoungwa kwa bawaba, ambazo zikikunjwa upande wote wa mbele huwa wazi, hata muuzaji aliyeketi ndani na mnunuzi aliyesimama nje wakatazamana karibu kimo kimoja. Chumba chenyewe ni chembamba, mita 3 hivi, kwa sababu dari hubebwa na boriti za mikoko, na boriti hizo hazifiki mbali zaidi ya hapo.

Fremu ni jambo jingine kabisa. Ni chumba cha biashara kinachokodishwa, na kwa kawaida mwenye jengo ni mmoja na mwenye biashara ni mwingine. Akifunga jioni, mpangaji huenda kwake. Katika nyumba ya duka hakuna kwenda kokote, kwa kuwa upo mlango wa ndani unaotoka dukani kuingia nyumbani, na mlango huo, ambao mpita njia hauoni, ndio unaoifanya nyumba iwe ya aina yake. (Wanaoziita zote "nyumba za Kiarabu" nao wanakosea: nyumba ya Kiarabu huipa njia ukuta na kuutazama ua wake wa ndani.)

Ni kweli kwamba nyingi ya nyumba hizi sasa zina mpangaji anayeuza vinyago chini na watu wengine kabisa juu, na mlango wa ndani umezibwa. Basi anayemwonesha mgeni mtaa huo aseme tu kwamba hii ni nyumba ya duka, na kwamba chumba chake cha mbele siku hizi kimekodishwa kama fremu.