Tarehe ya Kliniki Bado, Kidonda Kinanuka: Nisubiri?

Maswali haya ninaulizwa karibu kila siku wodini, ninakofanya kazi ya kuhudumia waliopasuliwa.

Maambukizi ya kidonda cha upasuaji ni nini?
Ni vijidudu kuingia mahali ulipopasuliwa. Kwa kawaida hujitokeza ndani ya siku 30, wakati wengi wameshafika nyumbani na sisi hatuwaoni tena.

Nimeambiwa nirudi baada ya wiki mbili. Siku ya tano kidonda kinatoa maji yenye harufu. Nisubiri tarehe?
Hapana, usisubiri. Tarehe ya kwenye kadi ni ya mtu anayeendelea vizuri. Kidonda kikitoa usaha au harufu, kikiwa cha moto na kuvimba, kikiachia, au ukipata homa, njoo leo, hata kama ni Jumapili usiku. Namuuliza mama aliyejifungua kwa upasuaji, "Usaha umeanza lini?" Ananijibu, "Siku nne sasa, nesi, ila tarehe yangu ni kesho kutwa." Siku nne! Hakuna atakayekufukuza kwa kuwahi.

Lakini nesi alisema maumivu ni kawaida.
Alisema kweli, ila aliishia katikati. Maumivu ya mshono hupungua siku hadi siku. Yakizidi, hiyo si kawaida tena. Na hapa kosa ni letu pia: maelekezo tunayatoa mbiombio, mgonjwa anafunga mizigo, ndugu yuko dirishani analipa bili, na karatasi ya ruhusa imeandikwa kwa Kiingereza. Usitoke hujaelewa. Sema, "Ngoja nirudie ulivyoniambia, nikikosea unisahihishe." Nesi akinuna, mwache anune.

Kuna dalili nyingine za hatari?
Mama aliyejifungua kulowanisha pedi nzima kwa damu ndani ya saa moja, mguu mmoja kuvimba na kuuma, pumzi kukata ghafla, tumbo kujaa huku unatapika. Kwa hizo unakimbia saa hiyohiyo.

Mama mkwe anataka kunikanda kwa maji ya moto, jirani kaniletea unga wa kapsuli.
Washukuru kwa heshima, kisha ukatae vyote viwili. Maji ya moto na mkono mzito juu ya mshono mbichi huunguza ngozi na kuufumua. Kapsuli ni ya kumeza. Unga wake ukigandia juu ya kidonda, usaha unabaki chini. Nimechoka kuuondoa unga huo.

Nikiwa bado wodini, zamu ikibadilika?
Mweleze upya anayeingia: dawa zinazokudhuru, unazotumia za presha au sukari, na za kienyeji pia. Usidhani wa asubuhi alimwambia wa jioni.

Kliniki yangu ni Alhamisi, leo Jumatatu, na usaha umeanza jana tu. Si nivumilie?
Ilikuwa uje jana. Njoo leo, na kadi yako mkononi.