Dhehebu si dini

"Alibadilisha dini alipoolewa." Maneno hayo niliyasikia tena juzi katika matanga huku Kadutu, mtaa wa mji wetu wa Bukavu, yakisemwa juu ya mama aliyebatizwa katika parokia ya Kikatoliki na kuzikwa na wachungaji wa 8è CEPAC, kanisa la Kipentekoste, na katika watu wote waliokaa pale sikumwona aliyeshtuka. Mama huyo alibatizwa Mkristo, akazikwa Mkristo. Alichobadilisha ni dhehebu.

Dini ni imani yenyewe pamoja na ibada yake, kama Ukristo au Uislamu. Dhehebu ni kundi ndani ya dini moja, lenye uongozi na mafundisho yake. Maana ni hiyo tu. Neno lenyewe ndilo lenye hadithi.

Limetoka katika Kiarabu, madhhab, kutokana na kitenzi dhahaba, yaani "kwenda". Madhhab ni mahali pa kupitia, njia anayoishika mtu. Ile ma- ya mwanzo si alama ya wingi, bali ni kiungo ambacho Kiarabu hutumia kuunda majina ya mahali, kama katika maktaba. Waswahili, waliozoea jina na majina, waliiona ma- wakadhani ni wingi, wakaikata, wakapata umoja "dhehebu" ambao Mwarabu hakuwahi kuwa nao. Ni kosa zuri, nami silipingi. Ninalolipinga ni jingine. Waislamu wa Sunni wana madhehebu manne ya sheria, na Mshafii wa pwani hamwambii Mmaliki kwamba ana dini nyingine. Sisi Wakristo tuliazima neno, tukaiacha adabu yake.

Hapa Bukavu kosa hili linaudhi zaidi, kwa sababu Waprotestanti wetu wanalo neno lililokusudiwa kulizuia, nalo ni komunote. Mwaka 1970 makanisa yaliyotokana na misheni mbalimbali, ambayo tangu 1924 yalikuwa na baraza moja, yaliungana kuwa Kanisa la Kristo hapa Kongo, lile tunaloliita ECC. Fikra yake ilikuwa kwamba Kanisa ni moja, na kila kundi ndani yake ni komunote yenye nambari: 3è CBCA ya Wabaptisti, 5è CELPA na 8è CEPAC za Wapentekoste. Ni kweli kwamba si wote walioingia kwa kupenda umoja, kwani sheria ya tarehe 31 Desemba 1971 iliwatambua Wakatoliki, Wakimbangu (wafuasi wa Simon Kimbangu) na ECC peke yao, na aliyetaka kusali kwa halali ilimbidi atafute paa la kujisitiri. Hata hivyo neno lilibaki, na nambari zikabaki. Leo nambari hizo zimegeuka ukoo. Mtu wa 5è husita kumwoza binti yake kwa kijana wa 8è, ilhali zote mbili ni za Kipentekoste, na asili ya tofauti yao ni kwamba moja ilianzishwa na wamisionari kutoka Norway na nyingine na wamisionari kutoka Sweden.

Wapo pia wanaosema, "Yeye si Mkristo, ni Mkatoliki," au kwamba kanisa lao si dhehebu kabisa, wao ni wa Kristo tu. Paulo alikwisha kukutana nao kule Korintho. Katika orodha yake ya wanaogawanyika, baada ya "mimi ni wa Paulo", "mimi ni wa Apolo" na "mimi ni wa Kefa", aliweka na "mimi ni wa Kristo", kama kundi la nne.

Sisemi kwamba tofauti ni ndogo. Aliyebatizwa mtoto mchanga parokiani, akihamia CBCA au CEPAC, hubatizwa tena kwa kuzamishwa. Naye Mpentekoste anayehamia kwa Wakatoliki, akiwa amebatizwa kwa maji katika jina la Baba, Mwana na Roho Mtakatifu, habatizwi upya. Jambo hilo ni zito, na wanateolojia hawajalimaliza. Lakini wanaobishana juu ya ubatizo wa Kristo wamo ndani ya nyumba moja. Aliye nje hana sababu ya kubishana.

Kwa hiyo, ndugu zangu, mkitaka kujua mtu ni wa kundi gani, msimwulize dini yake. Mwulizeni kama tulivyozoea kuulizana mitaani: "Unasali wapi?" Swali hilo huuliza mahali anapokwenda mtu, na madhhab haikuwa na maana nyingine.