Lokali haichagui sarafu

"Mteja akichagua Kijerumani, bei zigeuke ziwe yuro." Ombi hili nimelisikia tena wiki hii, na nimechoka kulisikia. Lugha haibebi sarafu. Kijerumani husomwa Berlin, kwenye yuro, na husomwa Zürich, kwenye faranga. Kifaransa ndiyo usiseme: Paris, Geneva, Montréal na Dakar, sarafu nne tofauti. Hata ukiongeza nchi juu ya lugha ukapata lokali kamili, yaani mpangilio wa lugha na nchi ambao programu hufuata, umejua tu kwamba mtu huyu amezoea kusoma namba vipi. Anadaiwa fedha gani, hujajua bado.

Chukua deni la dola za Marekani elfu moja mia mbili thelathini na nne na senti 56. Mmarekani ataliona $1,234.56. Mjerumani aonyeshwe 1.234,56 $, nukta ikitenga maelfu, mkato ukitenga desimali, alama ikija mwisho. Mfaransa ataona 1 234,56 $US. Deni ni lile lile. Ukimbandikia Mjerumani alama ya yuro bila kubadilisha fedha, umemtajia bei nyingine kabisa. Nimewahi kurekebisha mfumo wa namna hiyo: skrini ilisema yuro, kadi ikakatwa dola, na hifadhidata ilikuwa na namba tupu, bila safu ya sarafu. Kujua nani alilipa nini kulituchukua siku nyingi.

Tatizo ni kwamba baadhi ya maktaba za programu, yaani vipande vya programu vilivyoandikwa tayari, zimelilea kosa hili. Katika lugha ya programu ya Java, amri ya getCurrencyInstance ukiipa lokali ya Ujerumani hukuwekea yuro papo hapo, hata kama namba yako ni ya dola. Usipoita setCurrency, amri ya kutaja sarafu, imekula kwako. JavaScript ni kali zaidi: ukiiomba Intl.NumberFormat mtindo wa sarafu bila kutaja sarafu yenyewe, hurusha hitilafu na kugoma. Naupenda ukali huo. Ushauri wangu, na nitaurudia kila nikipata nafasi: kiasi na msimbo wake wa ISO 4217, orodha ya kimataifa ya misimbo ya sarafu kama USD au JPY, vihifadhiwe pamoja na visafiri pamoja, kuanzia hifadhidata hadi skrini. Lokali iingie mwishoni kabisa, wakati wa kuonyesha.

Wengine huamini kila sarafu ina desimali mbili. Yeni haina hata moja, dinari ya Kuwait ina tatu. Anayezidisha kila kiasi kwa 100 kabla ya kukituma kwenye malipo atamtoza mteja wa yeni mara mia.

Alama ya $ nayo haitoshi: ni ya dola za Marekani, Kanada na Australia, na ya peso ya Meksiko. Penye sarafu zaidi ya moja, onyesha msimbo.

"Nitaunganisha alama na namba mwenyewe, ni mstari mmoja tu." Usifanye hivyo. India huandika 12,34,567, na ile nafasi inayotenga maelfu ya Mfaransa si nafasi ya kawaida ya kibodi bali ni herufi U+202F, nafasi nyembamba isiyokatika, iliyowekwa ili namba isikatike mwisho wa mstari. Ndiyo maana majaribio ya programu yanayolinganisha maandishi hufeli huku macho yakiona yanafanana. Data ya CLDR, hazina ya kanuni za kuandika namba na sarafu kwa kila lokali, inayotumiwa na maktaba hizi hubadilika toleo hadi toleo, kwa hiyo katika majaribio linganisha kiasi na msimbo, si maandishi.