Volti sio wati jamani

Leo tena nimesikia kaka mmoja dukani anamwambia fundi "niwekee pawa saplai ya volti 500, hii inazimazima" (pawa saplai ni kile kiboksi kinachogawa umeme ndani ya kompyuta), na fundi naye anaitikia tu sawa bosi. Aisee.

Volti ni msukumo wa umeme, wati ni kiasi cha nishati kinachotumika kila sekunde. Maana imeishia hapo.

Nahisi kinachochanganya ni kwamba yote mawili ni majina ya watu. Volti ni ya Alessandro Volta, Muitaliano aliyetengeneza betri mwaka 1800, na mkutano wa umeme wa Paris 1881 ndo ukapitisha jina lake. Wati ni ya James Watt, Mskoti wa injini za mvuke, yani jamaa alikuwa wa makaa na maji ya moto, umeme wala haumhusu, ila mwaka 1882 William Siemens akapendekeza jina lake litumike. Kwahiyo mmoja betri, mwingine kazi ya mashine, na bado mnawavalisha shati moja.

Ile 500 kwenye kibandiko ni wati, ndo mwisho wa mzigo inaoweza kubeba. Volti hazikui na bei: ya wati 300 na ya wati 1000 zote zinatoa 12, 5 na 3.3, na ikianza kutoa zaidi ya hapo hiyo sio nguvu, ni ugonjwa. Viwango vya ATX, yani kanuni za pawa saplai za kompyuta, kabla ya toleo la 3.0 viliruhusu kupanda au kushuka asilimia 5, maana yake waya wa njano, ule wa volti 12, usome kati ya 11.4 na 12.6. Ukikuta 12.1 mashine imetulia, halafu ukifungua gemu inadondoka mpaka 11.2 na kompyuta inajiwasha upya, basi pawa saplai imezidiwa au imechoka, fundi akiifungua anaweza kukuta kapasita (vile vikopo vidogo vya kutunza umeme) zimevimba. Kuipima bila mzigo ni kujifurahisha tu. Na namba za kwenye BIOS, ile menyu ya mipangilio kabla kompyuta haijawaka vizuri, zichukulie kama fununu, sensa za mazabodi (ubao mkuu wa kompyuta) zinadanganya sana, bora mita, ncha nyeusi kwenye waya mweusi na nyekundu kwenye wa njano.

Yule kaka nilimwambia taratibu, sema wati 500, zile volti 12 ziache kama zilivyo.