Nadharia haitokani na "nadhani"

Jumamosi iliyopita, sebuleni kwetu Kirumba, Mwanza, neno "nadharia" lilitajwa mara nyingi kuliko jina la Laura Palmer. Tulikuwa tunarudia sehemu za mwanzo za Twin Peaks, tamthilia ya David Lynch na Mark Frost iliyoanza kuonyeshwa Marekani Aprili 1990, ile ya msichana huyo, ambaye maiti yake inakutwa ufukweni imeviringishwa kwenye nailoni. Kila baada ya dakika chache mtu anasimamisha picha. "Nina nadharia! Feni ile ya darini ndiyo inayomleta Bob," yaani yule pepo wa kutisha anayemwandama Laura. Anayefuata: "Nadharia yangu, mama mwenye gogo anamjua muuaji." Akapita bundi, na sisi tuliolelewa na bibi zetu tukashtuka wote kwa pamoja: "Nadharia: kuna mtu atakufa tena."

Hakuna nadharia hata moja hapo.

Nadharia ni maelezo yaliyopangwa, yanayounganisha mambo mengi tunayoyaona na kusema kwa nini yako hivyo, kwa namna ambayo jambo jipya likijitokeza linaweza kuyatia nguvu au kuyaangusha. Maana yenyewe ni hiyo tu. Kinachonisumbua ni sababu ya watu kuikosea, na naamini ni sikio. Tunasikia "nadhani", tunasikia "nadharia", tunaona mwanzo ni uleule, tunahitimisha kwamba ni ndugu: anayedhani ana nadharia.

Si ndugu. Katika "nadhani", ile "na" ni kiambishi chetu cha Kibantu, kama katika "nataka" na "napenda". Ukiiondoa unabaki na "dhani", kitenzi kilichotoka kwenye neno la Kiarabu "dhann", yaani kuchukulia jambo kuwa hivi au vile bila uhakika. Humo ndimo lilimotoka pia neno "dhana", ambalo shuleni leo linamaanisha wazo la jumla, lakini mtaani bado lina harufu yake ya zamani: mtu wa dhana mbaya ni mtu wa kushuku.

Katika "nadharia", "na" si kiambishi hata kidogo. Ni sehemu ya mzizi. Neno limetoka kwenye neno jingine la Kiarabu, "nadhar", kutazama. Ndugu zake halisi ni "nadhari", yaani uangalifu, na "mandhari", yale yanayoonekana mbele yako ukisimama mahali. (Nadhiri, ile ahadi mtu anayomwekea Mungu, ni mgeni kabisa katika ukoo huu. Waarabu wanaitamka kwa sauti nyingine, sisi tumezichanganya zote kwenye "dh".) Wagiriki nao walifika palepale kwa njia yao: "theoria" kwao ilikuwa kutazama.

Mandhari na nadharia! Panda juu ya Capri Point jioni, utazame kisiwa cha Saanane, pantoni ya Kamanga ikija, na Jiwe la Bismarck limesimama majini. Ukiwa chini barabarani uliona jiwe moja na kona moja ya ziwa. Ukiwa juu unaona namna vitu vilivyokaa pamoja. Nadharia ndiyo kile kilima.

Na kwa kuwa tuko Jiji la Miamba, mfano tunao mlangoni. Mtu akilitazama lile jiwe la juu pale Bismarck akasema "majitu yaliliweka", amekisia kuhusu jiwe moja. Wanajiolojia wanasema graniti ilipasukapasuka ikiwa bado imefunikwa, maji yakaila taratibu kwenye mipasuko hadi kingo zikawa duara, kisha udongo uliolegea ukachukuliwa na mmomonyoko na mawe yakabaki yamepandana. Maelezo hayo hayaishii Bismarck. Yanaeleza pia mawe ya Saanane, na yale ya Mabatini ambayo watu wamejenga nyumba katikati yake. Tena unaweza kuyapima: ukichimba pahali pengine, uyakute mawe ya duara ambayo bado hayajafunuliwa.

Turudi kwa Laura. Kuna maelezo ambayo yanastahili jina hilo: kwamba Bob si pepo wa kweli, ni sura ambayo akili ya msichana ilimvisha mtu aliyemfahamu, kwa sababu ukweli haukubebeka. (Simtaji, kuna wanaoanza kutazama.) Hayo yanaeleza shajara yake, hofu yake, na maisha mawili aliyoishi. Lakini yana jaribio gumu. Mama yake naye anamwona Bob, anaeleza sura yake, polisi wanaichora, na Dale Cooper, mpelelezi wa FBI, mgeni asiyewahi kumjua Laura, anaitambua kwa kuwa amekwisha kuiota. Anayeshikilia nadharia hii lazima ajibu hapo. Ndivyo ninavyojua kwamba ana nadharia: kuna mahali inapouma.

Na tusisahau Bob alivyopatikana. Frank Silva alikuwa mpangaji wa samani za seti. Taswira yake ikanaswa kwenye kioo kwa bahati mbaya wakati wa kurekodi sehemu ya kwanza, na Lynch, badala ya kurudia, akaibakiza na kumfanya mhusika. Hilo haliui maelezo ya Bob ndani ya hadithi. Linaua kauli moja tu niliyoisikia Jumamosi, kwamba "kila kitu kilipangwa tangu mwanzo".

Mdogo wangu wa feni, sikukukatisha siku ile kwa sababu ulikuwa na furaha, na jicho lako ni zuri kuliko langu. Feni ile kweli inarudi, pale juu ya ngazi za nyumba ya akina Palmer. Hicho ni kidokezo, na ulichosema juu yake ni kisio, neno letu lisilo na aibu yoyote. Sema "nadhani feni ina jambo". Jumamosi hii njoo na daftari, tuandike kila inapozunguka na kinachofuata baada yake. Ikitokea inashika, mimi mwenyewe nitasimamisha picha niwatangazie wenzetu kwamba una nadharia.